Tupime kwa Mizani Moja

Wapo miongoni mwetu wanaodhani kwamba dalili ya usomi ni kukana kila waliloliamini wazee. Hao husema kwa kishindo kwamba Yesu wa Nazareti, ambaye Waislamu humwita Nabii Isa bin Maryam, hakupata kuishi duniani, bali ni hadithi iliyotungwa. Sisi tunaona kwamba dai hilo halina budi kupimwa kwa ushahidi, wala si kwa hamaki.

Ni kweli kwamba hatuna hati ya serikali ya Kirumi iliyoandikwa katika uhai wake ikamtaja. Hilo si la ajabu. Pilato mwenyewe alikuwa liwali wa Uyahudi tangu mwaka 26 hadi 36, na jiwe lenye jina na cheo chake halikupatikana ila mwaka 1961, huko Kaisaria. Ikiwa hali ya liwali ni hiyo, seremala wa kijijini atadaiwa hati gani?

Na tuwatazame mashahidi. Wa kwanza ni Paulo, aliyeandika barua zake katika miaka ya 50. Awaambia Wagalatia kwamba alikwenda Yerusalemu akaonana na Yakobo, nduguye Yesu. Mtu wa hadithi hana ndugu wa kuamkiana naye.

Wa pili ni Josephus, mwanahistoria wa Kiyahudi, aliyemaliza kitabu chake kikubwa yapata mwaka 93. Amemtaja Yesu mahali pawili. Pa kwanza, wataalamu wengi wanakubali, pametiwa maneno na Wakristo wa baadaye, kwani Josephus hakuwa Mkristo. Pa pili hapana mgogoro mkubwa: pasimulia kuuawa kwa Yakobo huyo huyo, mwaka 62.

Wa tatu ni Tacitus, Mrumi aliyeandika yapata mwaka 116. Aliwadharau Wakristo, hata akaiita imani yao ushirikina wa kudhuru. Na bado akaandika kwamba mwanzilishi wao aliuawa kwa amri ya Pilato, zama za Kaisari Tiberio. Huenda alisikia kwa watu, na cheo cha Pilato alikikosea. Uzito wa ushahidi wake basi ni wa kadiri, lakini upo.

Aliyesoma chuoni anajua kwamba habari hupimwa kwa sanadi: nani kasema, kaipata kwa nani, tena ana maslahi gani. Wanahistoria walio wengi, wenye dini na wasio na dini, wamepima wakakata shauri kwamba mtu huyo aliishi. Yaliyo zaidi ya hapo, yaani miujiza yake, na mwisho wake ambao Waislamu na Wakristo wanahitilafiana, ni amana ya imani. Si kazi ya gazeti, wala ya ofisi yoyote, kuyatolea hukumu.

Tukimfuta kila asiye na hati ya zama zake, tutawafuta pia wakulima na mabaharia waliovijenga visiwa hivi, ambao majina yao yamo vinywani mwa wazee tu. Kwa hiyo tunawahimiza walimu na maofisa wa elimu wawazoeze vijana kupima kabla ya kukubali, na vile vile kupima kabla ya kukana.