Kodi ya Miezi Sita

Kila ukifika msimu wa kufunguliwa vyuo vikuu vya Dar es Salaam, vijana wa kila pembe ya nchi hushuka mjini humo na masanduku yao. Wa kwetu Unguja na Pemba hushuka bandarini. Wa Ruangwa na Nachingwea hushuka Mbagala, baada ya safari ndefu ya kupita Nanganga, Nangurukuru na daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji. Njia zao ni mbali mbali, lakini mlango wanaokwenda kuupigia hodi ni mmoja, nao ni mlango wa mwenye nyumba. Na jawabu wanalopewa ni moja pia: lete kodi ya miezi sita mbele, na ya mwezi mmoja umpe dalali, ndipo upewe ufunguo.

Twataka leo kulisema jambo hili, na twataka kulisema kwa mfano wa Ruangwa. Wako watakaotuuliza, Ruangwa ina nini nasi, wilaya ya bara huko Lindi ambayo hata bahari haiioni? Jawabu letu ni kwamba mkulima wa korosho wa Ruangwa na mkulima wa karafuu wa Pemba ni ndugu wa shida moja. Wote wawili fedha zao huja kwa msimu, na wote wawili bei hawaipangi wao. Isitoshe, wana wao hulala chumba kimoja huko Sinza na Changanyikeni, na mara nyingine kitanda kimoja.

Tutazame basi huyo mkulima. Ufuta wake huuza katikati ya mwaka. Korosho huanza kuingia ghalani mwezi wa Oktoba, kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani ulioanza mwaka 2007. Hupeleka mzigo wake chama cha msingi, chama kikuu cha RUNALI kikausimamia mnada, kisha akangoja fedha zimfikie benki. Chuo hakingoji mnada. Mwenye nyumba hangoji mnada. Kijana hutakiwa awe na kodi mkononi katika majuma yale yale ambayo korosho ya baba yake iko ghalani na haijageuka kuwa fedha. Mwaka 2018 mambo yalizidi: mwezi wa Novemba Serikali iliwakataa wanunuzi kwa bei zao, ikaahidi kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, ikawatia askari wa jeshi katika kazi ya kuzisomba. Wako wakulima waliongoja malipo hayo hata mwaka 2019 ukaingia. Sisi hatuna haja leo kuirudia hoja ya kama bei ile ilikuwa nzuri au mbaya. Twauliza tu: katika miezi ile ya kungoja, mwana wa mkulima huyo alilala wapi?

Tutaambiwa kuwa iko Bodi ya Mikopo. Iko, ilianza kazi mwaka 2005, na sisi visiwani tunayo yetu iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Tangu mwaka wa masomo 2022/2023 Bodi ya Muungano imepandisha fedha ya chakula na malazi kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, na mwenye kutenda jema husifiwa. Lakini si kila mwombaji hupata mkopo. Na hata huyo aliyepata, tufanye naye hesabu kama tufanyavyo dukani.

Tufanye amepewa fedha ya siku 60 kwa mkupuo mmoja: ni shilingi 600,000. Tufanye chumba ni shilingi 60,000 kwa mwezi. Miezi sita ni 360,000, dalali 60,000, jumla 420,000. Kilichobaki ni 180,000, nacho ukikigawa kwa siku 60 utapata shilingi 3,000 kwa siku. Kwa hiyo ale, apande daladala, afue, anunue daftari na achangie umeme. Mtu aweza kutujibu kuwa miezi minne inayofuata hatalipa kodi, basi atapumua. Ni kweli. Lakini tumbo halikubali kukopeshwa miezi miwili, na mtihani wa kwanza haumngoji ashibe. Kisha jambo lenyewe lina kasoro kubwa kuliko hiyo. Mwaka wa masomo haujazi miezi kumi na miwili, nao wenye nyumba hutaka miezi sita mara mbili. Basi kijana hulipia na ile miezi ya likizo ndefu, yeye akiwa shambani Ruangwa na baba yake, na chumba kikilala na panya.

Haikuwa hivi tangu hapo. Chuo cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1961 katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, wanafunzi wake walikuwa wachache wa kuhesabika. Kilipohamia Mlimani mwaka 1964 mabweni yalikuwa sehemu ya chuo, kama madarasa yalivyo. Miaka ya 1990 ikaja siasa ya kuchangia gharama, wanafunzi wakaongezeka, na vitanda havikuongezeka kwa kadiri yao. Kitanda cha mmoja kikalaliwa na wawili, na vijana wakalipa jambo hilo jina lake, kubebana. Tarehe 15 Aprili 2017 yalifunguliwa Mlimani majengo 20 ya kulaza wanafunzi 3,840. Sisi ni wapinzani, lakini hatuna ugomvi na tofali lililojengwa. Ugomvi wetu ni kuwa chuo hicho peke yake kina maelfu mengi kupita hao, na viko vyuo vingine vingi mjini humo ambavyo vijana wake wote hutupwa mikononi mwa madalali.

Na ulinzi wa mpangaji nao uliondolewa. Ilikuwapo sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, ya mwaka 1984, ambayo mpangaji aliweza kushika nayo njia ya kwenda kushitaki. Ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo mwenye nyumba na mwanafunzi wameachiwa wapatane wenyewe kwa wenyewe, kana kwamba paka na panya wameachiwa wapatane juu ya jibini. Ruangwa yenyewe mbunge wake alikuwa Waziri Mkuu wa nchi hii tangu 2015 hadi 2025, na wakati wote huo kodi ya miezi sita haikuguswa. Twataka sheria irudishwe, na iseme wazi: mwanafunzi alipe kwa mwezi, au kwa muhula ukizidi, na apewe risiti.

Kadhalika twasikia kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinajenga tawi lake Ngongo, Lindi, kwa mradi wa HEET ambao umetokana na mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425. Ni khabari njema kwa watu wa kusini. Ila twaonya mapema: mabweni yaende sambamba na madarasa. Wakichelewa, madalali watafika Ngongo kabla ya walimu.

Wazee wetu walilijua jambo hili bila ya kuandikiwa ripoti. Huko Azhar, Misri, wanafunzi wa kila nchi walikuwa na riwaki yao, wakilala hapo na kupewa mkate kutokana na mali ya wakfu. Riyadha ya Lamu, aliyoiasisi Habib Saleh, aliyefariki mwaka 1935, ilipokea wanafunzi wa pwani yote. Hakuna aliyemwambia mtafuta elimu alete miezi sita mbele. Sisi visiwani tunayo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na tunao matajiri. Nyumba moja ya wakfu Dar es Salaam kwa ajili ya wanafunzi, wa visiwani na wageni wao, si jambo la kuishinda nchi yenye misikiti kama yetu.

Amma kwa vijana wenyewe, khasa wanaotoka mashamba, tuna maneno machache ya kidukani. Wasipange peke yao. Ile 420,000 wakiigawa watatu ni 140,000 kwa kila mtu, na katika 600,000 hubaki 460,000, yaani shilingi 7,600 na ushei kwa siku badala ya 3,000. Tofauti hiyo ni chakula cha mchana na cha usiku. Unga wanunue kiroba, wasinunue kwa kilo. Mafuta wasipimiwe kwa kikombe, kwani faida ya muuza duka iko katika vipimo vidogo, na hili twalijua kuliko wengi. Mzee wa Ruangwa mwenye mbaazi asiziuze zote: mwaka 2017 India ilipozuia mbaazi zetu bei ilianguka vibaya, lakini mbaazi ya chunguni haikupungua utamu. Gunia lipandishwe basi, liende Mbagala. Zirowekwe usiku kucha, ama sivyo mkaa utakula zaidi ya walaji. Na fedha ikiingia, kodi itengwe siku ile ile, kabla ya viatu.

La mwisho linawahusu wasomaji wetu. Wako wanachama wetu wafanya biashara, na baadhi yao wana nyumba Dar es Salaam, Kariakoo hata Mabibo na Sinza. Hao nao, twasema bila ya kuwaonea haya, wako wanaodai miezi sita kwa mwana wa mtu ambaye korosho yake iko ghalani. Twawaomba wapokee kwa mwezi, au wangoje mnada. Kila mwenye chumba atakayekubali amwarifu katibu wa tawi lake kabla vyuo havijafunguliwa, aeleze kiko mtaa gani, maji yapo au hayapo, mita ya umeme ni ya wangapi, na kodi ni kiasi gani kwa mwezi mmoja.