MAONI YETU: TUWALILIE KWA KALAMU



Kila tarehe 1 Mei, hotuba zikiisha, wazee wetu huketi kando wakaanza maneno yao. Mmoja humtaja mwenzake aliyefia kizuizini. Mwingine humtaja aliyerudi nyumbani, lakini asipate kazi tena mpaka kufa kwake. Kisha husema, "Zamani tulikuwa watu." Vijana husikia, hucheka kidogo, huenda zao. Sisi twaona pande zote mbili zinakosa, na leo tutasema wazi.

Kwanza vijana. Huzuni ile si porojo za uzee. Serikali ikivunja chama haichukui viongozi peke yao. Ofisi hufungwa, vitabu vya memba huchukuliwa, na marafiki huogopa hata kusalimiana njiani. Anayefia mbali hazikwi na wenzake. Kilio kilichozuiwa siku yake hakiishi. Hukaa moyoni miaka mingi.

Na tukumbuke mambo yenyewe. Januari 1947 wafanya kazi wapatao 15,000 waligoma Mombasa. Agosti mwaka ule ule kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa akapelekwa Kabarnet, akawekwa huko miaka kama 10. Tarehe 15 Mei 1950 walikamatwa Fred Kubai na Makhan Singh, Rais na Katibu wa East African Trade Union Congress, na kesho yake Nairobi ikagoma. Makhan Singh alizuiliwa Lokitaung, Maralal na Dol Dol mpaka Oktoba 1961. Wala mambo haya hayakwisha Mkoloni alipoondoka. Mwaka 1980 Serikali yetu wenyewe ilifuta chama cha watumishi wa Serikali na kile cha Chuo Kikuu, na katika miaka iliyofuata watu waliteswa katika vyumba vya chini vya Nyayo House.

Sasa wazee wetu. Kulia si kosa, lakini kuna kilio kinachodanganya. Husema kwamba zamani wote walikuwa mashujaa, hapakuwa na ugomvi, hapakuwa na fedha zilizopotea, hapakuwa na woga. Si kweli, nanyi mwajua. Kijana akisikia hivyo hujiona si kitu, akadhani ushujaa ulikwisha na baba zake. Lakini akiambiwa kwamba ninyi pia mliogopa, mkakosana, na hata hivyo mkasimama, atajua kwamba naye aweza kusimama.

Mtazameni Makhan Singh. Alipotoka alikuta vyama vimo mikononi mwa wengine. Angeweza kukaa na uchungu wake tu. Badala yake alikusanya makaratasi, akaandika historia ya vyama vya wafanya kazi wa Kenya mpaka mwaka 1952, nayo ikapigwa chapa mwaka 1969. Alikufa mwaka 1973, lakini kitabu kipo, na wenzake wamo ndani yake kwa majina.

Ndugu, watu wa mwaka 1950 karibu wote wametutangulia, na wale wa miaka ya 1980 nao wanapungua. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hivyo twaomba kila tawi lichague kijana mmoja na kununua daftari moja. Aende kwa wazee, na kwa wajane pia, aandike: jina, kazi, mshahara, siku ya kukamatwa, na ni nani aliyelisha watoto baba alipokuwa kizuizini. Ugomvi nao uandikwe.

Kisha mkutano wa tawi ukifunguliwa, majina yasomwe watu wakiwa wamesimama kimya. Wakisha kuketi, katibu asome shauri la kwanza la siku hiyo, nalo liwe mishahara. Ndilo walilokamatiwa.

Umoja ni nguvu.