Mgonjwa wa Moyo Anapogeukia Ukuta

 

Juma hili tumekusudia kuwazungumzia wagonjwa wetu wanaolazwa hospitalini kwa maradhi ya moyo na mishipa ya damu: presha iliyopanda hadi ikaleta kiharusi, mshtuko wa moyo, au moyo uliochoka kusukuma damu hata miguu ikavimba. Juu ya chumvi na mafuta mengi yamekwisha kusemwa. Yaliyosemwa kwa uchache ni yale yanayompata mgonjwa huyo ndani ya nafsi yake.

Katika kuzuru wodi tumeona jambo likijirudia. Maumivu ya kifua yametulia, daktari ameridhika, lakini mgonjwa amegeukia ukuta. Hali, hasemi, na akiulizwa hali hujibu "sijambo" huku machozi yakimlengalenga. Hapo hatokosekani mtu, na mara nyingi ni mwenye nia njema, wa kumwambia: "Mbona huna subira? Imani yako imepungua." Neno hilo halimtibu. Humfundisha tu kuficha, na akishaficha, daktari hatajua na jamaa hawatajua.

Nasi twauliza: Nabii Ya'qub (a.s.) alipomlilia mwanawe hadi macho yake yakaingia weupe, imani yake ilipungua? Mtume wetu (s.a.w.) alipofiwa na Bibi Khadija (r.a.) na ami yake Abu Talib, wanahistoria wa Kiislamu waliuita mwaka ule Mwaka wa Huzuni, wala hawakuona aibu kuuita hivyo. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 322 Hijria, aliandika kitabu kizima juu ya siha ya mwili na siha ya nafsi pamoja, akieleza kuwa nafsi nayo huugua, na kwamba ugonjwa wa kimoja huuvuta wa mwenziwe. Elimu hii ni yetu tangu zamani.

Madaktari wa leo wameipima kwa hesabu. Katika kila watu 5 waliopatwa na mshtuko wa moyo, takriban mmoja huingia katika huzuni nzito ambayo wataalamu huiita sonona, na wengine unyogovu. Kwa waliopatwa na kiharusi, hukaribia mmoja katika kila 3. Mwaka 2014 Jumuiya ya Moyo ya Marekani ilitoa tamko kwamba sonona inayofuata mshtuko wa moyo ihesabiwe miongoni mwa mambo yanayomzidishia mgonjwa hatari, kifo kikiwemo. Sababu zake hazikufichika. Nafsi iliyodhikika huufanya mwili ubaki katika hali ya hofu mchana na usiku, moyo ukawa haupumziki, na damu ikawa nyepesi kuganda. Kisha mtu aliyekata tamaa huacha dawa, haondoki kitandani, na kama alikuwa mvutaji, huirudia sigara yake.

Lipo jingine linalowahusu zaidi wenye kiharusi. Ubongo ulioumia huweza kupoteza hatamu za kilio na kicheko. Mzee anaangua kilio katikati ya mazungumzo ya kawaida, au anacheka penye msiba, naye mwenyewe hataki na huona haya. Jamaa wakaanza kunong'ona habari za pepo. Na wapo wazee ambao usiku wa pili au wa tatu wodini, hasa baada ya kupasuliwa moyo au kulala chumba cha wagonjwa mahututi, huanza kuona watu wasiokuwepo, kung'oa mirija na kumwita marehemu mama yao. Kuchanganyikiwa huku kwa ghafla ni dalili ya mwili: huenda ni ambukizo, upungufu wa hewa, chumvi za damu zilizovurugika, au dawa fulani. Mwiteni muuguzi papo hapo, wala msingoje asubuhi. Taa iwake kiasi, miwani na kifaa chake cha kusikia apewe, aambiwe yuko wapi na leo ni siku gani, na akae naye mtu anayemjua.

Hatusemi mgonjwa asisomewe. Qur'ani ni shifaa, na sauti ya mwana akimsomea mamake taratibu ina utulivu ambao hatuna haja ya kuutolea hoja. Tunalokataa ni kumtoa mgonjwa wodini kabla ya ruhusa ili akapungwe, au kumwachisha dawa za presha kwa kuwa ameanza kunywa kombe. Tena hapa pana jambo dogo lisilokumbukwa: mwenye moyo uliochoka mara nyingi hupimiwa maji ya kunywa kwa siku. Kombe ni maji, na Zamzam ni maji. Apewe funda kwa baraka, na lihesabiwe katika kipimo chake.

Kwa kina mama tuna neno mahususi. Mwaka 1990 madaktari wa Japani walieleza ugonjwa wa moyo unaofuata huzuni au mshtuko mkubwa, wakaupa jina la takotsubo, yaani mtego wa pweza, kwa kuwa chumba cha moyo huvimba mfano wa chungu ambacho wavuvi wa huko hunasia pweza. Wengi wanaopatwa ni wanawake waliokwisha kukoma hedhi, na mara nyingi baada ya msiba. Dalili zake ni zile zile za mshtuko wa moyo: kifua kubana na pumzi kukatika. Wengi hupona katika majuma kadhaa wakitibiwa, lakini nyumbani hapana awezaye kuutofautisha na mshtuko wenyewe. Basi mjane aliye katika eda akibanwa na kifua, asiambiwe ni majonzi tu yatapita. Apelekwe hospitali usiku ule ule. Eda haimzuii mwanamke kutoka kwa haja ya matibabu, na anayemzuia kwa jina la sheria amesema juu ya sheria lisilokuwamo.

Chanzo kingine cha huzuni tumekisikia kwa wagonjwa wenyewe: ibada. Mama aliyezoea kufunga Ramadhani tangu usichana ameambiwa na daktari asifunge tena, akajiona ametupwa mlangoni. Aelezwe kwa upole kwamba aliyempa siku zile ndiye aliyempa ruhusa hii. Ikiwa ugonjwa hautarajiwi kuondoka, hutoa fidya, kibaba kimoja cha chakula kwa masikini kwa kila siku. Naye asiyeweza kusimama huswali ameketi, asiyeweza kuketi huswali amelala, kwa ishara ya kichwa. Swala yake ni kamili.

Na wanaozuru, jamani, wafupishe. Kumi wakikizunguka kitanda kimoja, mmoja akisimulia jinsi fulani alivyokufa kwa ugonjwa huu huu, hiyo si ziara ya mgonjwa.

Huzuni ikizidi majuma mawili, usingizi ukapotea, chakula kikamchukiza, au akasema kuwa heri afe, daktari wa moyo aambiwe wazi. Neno la kutamani kufa aambiwe siku hiyo hiyo, na mgonjwa asiachwe peke yake. Kuna tiba ya mazungumzo na kuna dawa. Baadhi ya dawa za sonona zimejaribiwa kwa wagonjwa wa moyo na kuonekana salama kwao. Nyingine, hasa zile za zamani kama amitriptilini, huweza kuvuruga mapigo ya moyo, na ndiyo sababu kuazimana vidonge na jirani ni hatari kubwa.

Tumalizie na anayeuguza. Mara nyingi ni binti mmoja au mke, analala juu ya mkeka chini ya kitanda, anakula mabaki, na hapana amwulizaye habari zake. Ndugu wa kiume wagawane zamu za usiku palipo na ruhusa, na pasipo na ruhusa walipe nauli na chakula. Bibi Aisha (r.a.) alikuwa akiamuru uji mwepesi wa shayiri kwa mgonjwa na kwa mwenye msiba, mkiupika, pikeni wa watu wawili.

Maswali kuhusu udhu wa mgonjwa mwenye sindano ya dripu mkononi yametufikia. Tutayajibu juma lijalo, inshaallah. Wabillahi tawfiq.