Shada la Majani Lina Aibu Gani?

Leo nimeshika kalamu kwa sababu ya jambo moja linalonikereketa rohoni, nalo ni mashada tunayoyapeleka matangani.

Muhula uliopita mwenzetu mmoja alifiwa na baba yake. Darasani tuko 46, tukachanga shilingi 20 kila mtu, zikapatikana 840. (Wale wanne wanajijua.) Tukanunua shada la maua ya plastiki lililozungushiwa nailoni. Siku ya mazishi mfawidhi alipoita, "Kidato cha tatu!" tulijitokeza vifua mbele, tukaliweka kaburini, tukapigwa picha.

Majuma saba baadaye nilipita kwao. Loo! Maua yalikuwa yamepauka, na mbuzi amesimama juu ya kaburi akitafuna ile nailoni yetu. Mwenzetu alimfukuza bila kusema neno. Nilitamani ardhi inimeze. Wiki hiyo hiyo alikuwa ametumwa nyumbani kwa pesa za chakula cha mchana. Sasa niulize, zile 840 zilimsaidia nani?

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku hapa Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, lakini makaburini tunaipeleka plastiki kwa heshima zote.

Nilipopendekeza tusuke shada letu wenyewe, wengine walicheka. Eti tutaonekana maskini. Jamani! Profesa Wangari Maathai alipofariki mwaka 2011, jeneza lake halikuwa la mbao. Liliundwa kwa mianzi, mafunjo na magugu maji. Huyo ni mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 2004. Nani alisema amedharauliwa?

Hata Uingereza na Marekani, kama nilivyosoma maktabani, majani yanapogeuka mekundu na manjano kati ya Septemba na Novemba, watu huyasuka mashada wakayatundika milangoni. Sisi hatuna majira hayo, lakini saipresi, mkaratusi na bogenvilia tunazo mwaka mzima.

Kazi yenyewe si ngumu, bibi yangu alinifundisha jioni moja tu. Unakata fito mbichi, unaipinda iwe duara na kuifunga kwa kamba ya mkonge. Majani yakatwe asubuhi mapema, vikonyo vilale ndani ya maji usiku kucha. Kisha unafunga vitita vidogo vidogo, kila kitita kikifunika vikonyo vya kilichotangulia, vyote vikielekea upande mmoja. Hapa ndipo wengi huharibu: wakifika nusu wanageuza upande, shada likawa kama kiota cha kunguru. Kitita cha mwisho unakichomeka chini ya kile cha kwanza. Bogenvilia ifungwe mwisho kabisa, na ujihadhari na miiba. Likikauka, litaoza na kuwa mbolea papo hapo kaburini.

Najua litanyauka upesi. Sawa, linyauke. Hata lile la plastiki halikumaliza miezi miwili likiwa na sura.

Kwa hivyo ombi langu kwa kiranja na mwalimu wetu wa darasa ni hili: kukitokea msiba tena, mchango wetu wote apewe mfiwa mkononi, nasi tubaki baada ya masomo tusuke. Kamba na kisu nitaleta mimi.