DJ, taja jina la mwenye wimbo

Karuba na vijiji vya jirani vina ma-DJ wengi kuliko vile watu wanavyofikiri. Kuna wa redio, kuna wa ndoa, kuna wa bar, na kuna kijana mwenye ordinateri na sola ndogo ambaye anajazia watu nyimbo kwenye memori ya telefone kwa franka chache. Wote wanasema wanapenda muziki, na wengi wao wanaupenda kweli. Lakini kuna kosa moja ambalo limezoeleka mpaka hakuna anayeliona tena: wanaweka wimbo bila kusema ni wa nani.

DJ anayependa muziki wa zamani, iwe soul ya Wamarekani weusi au rumba ya Kongo, hawezi kusema kwamba hajui. Muziki huo ulikuja kwa diski, ile plastiki nyeusi ambayo wazee wengine waliita santuri. Katikati ya kila diski kuna karatasi ya mviringo. Juu yake kumeandikwa jina la wimbo, jina la mwimbaji au orkestra, mara nyingi jina la aliyetunga, na nyumba iliyotoa diski. Hata DJ mvivu aliona jina kila mara alipoweka sindano. Leo wimbo uleule unafika kwenye memori ukiitwa « Audio 0047 » au « Track 03 », au mbaya zaidi, unaitwa kwa jina la kijana aliyeuuza. DJ anaubonyeza, watu wanacheza, na mwenye kazi amekwisha kufutwa.

Wengine watasema hilo ni jambo dogo. Historia ya muziki wa Kongo inaonyesha kinyume.

Mwaka 1948, Wendo Kolosoy na mpiga gitaa Henri Bowane walirekodi « Marie-Louise » huko Léopoldville, katika nyumba ya Ngoma iliyoanzishwa na Mgiriki Nico Jeronimidis. Ngoma ingeweza kufungwa na kusahauliwa, lakini jina la Wendo lilikuwa kwenye diski. Alipokuwa mzee, watu walimtafuta, wakamrudisha jukwaani, na alipokufa mwaka 2008 nchi nzima ilijua imempoteza nani.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na watu wanaosema Kiswahili. Mwaka 1952, huko Jadotville, mji ambao leo ni Likasi, Hugh Tracey alimrekodi kijana mpiga gitaa, Jean-Bosco Mwenda. Tracey hakuandika « muziki wa Katanga » halafu akaondoka. Aliandika jina. Diski za Mwenda zikafika mbali, wapiga gitaa wa Nairobi wakajifunza kwake, na mpaka leo mtu akisikia « Masanga » anaweza kuambiwa vidole vile vilikuwa vya nani. Wakati uleule kulikuwa na wapiga gitaa wengine wengi kwenye miji ya migodi, wenye ufundi pia, ambao hakuna aliyeandika majina yao. Hao hawapo tena popote.

Tuje kwenye soul yenyewe, maana ma-DJ wengi wanaijua kwa majina makubwa tu. Kuanzia tarehe 22 mpaka 24 mwezi wa tisa 1974, Kinshasa ilipokea tamasha la Zaire 74 kwenye Stade du 20 Mai, uwanja ambao leo unaitwa Tata Raphaël. Lilipangwa kwenda pamoja na pigano la Muhammad Ali na George Foreman, lakini Foreman aliumia juu ya jicho akijiandaa, pigano likasogezwa mpaka tarehe 30 mwezi wa kumi. Muziki haukungoja. James Brown alikuwepo, B.B. King alikuwepo, Bill Withers pia. Na kwenye jukwaa lilelile walipanda Franco na TP OK Jazz, Tabu Ley, Abeti Masikini, na Miriam Makeba wa Afrika ya Kusini.

Baadaye dunia ilikumbuka nini? Filamu ya pigano ilitoka mwaka 1996. Filamu ya tamasha, « Soul Power », ilitoka mwaka 2008, na jina kubwa lilikuwa la James Brown. Nyimbo za wasanii wa Afrika waliopiga siku zile zilitolewa rasmi mwaka 2017, miaka 43 baadaye. Wenyeji wa sherehe ndio walikuwa wa mwisho kusikilizwa. Zilitoka kwa sababu kanda zilitunzwa na watu walijua ni nani aliyeimba. Kama zingekuwa « Audio 0047 », zingekuwa takataka.

Sasa remiksi. Hapa ndipo ma-DJ wanajitetea zaidi, na ndipo wanahitaji kusikiliza vizuri. Manu Dibango wa Cameroun alipiga saksofone katika African Jazz ya Joseph Kabasele na aliishi Léopoldville mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1972 alitoa diski ya wimbo wa Kombe la Afrika lililochezwa Cameroun. Upande wa pili wa diski aliweka « Soul Makossa ». Huko New York, DJ David Mancuso aliipata diski hiyo dukani, akaipiga kwenye sherehe zake, na mji ukashikwa na moto. DJ mmoja anayependa diski alifungulia mwanamuziki wa Afrika mlango wa dunia. Hiyo ndiyo kazi nzuri ya DJ.

Lakini mwaka 1982 maneno ya « Soul Makossa » yaliingia katika wimbo wa Michael Jackson kwenye albamu « Thriller », bila ruhusa ya Dibango. Akalalamika, na mwishoni wakapatana kwa malipo. Mwaka 2007 maneno yaleyale yalisikika kwa Rihanna, na mwaka 2009 Dibango alikwenda tena mahakamani huko Paris. Dibango aliweza kudai kwa sababu diski yake ilikuwa na jina lake. Mama wa Masisi ambaye wimbo wake umerekodiwa na telefone ndogo pembeni ya shamba atadai kwa karatasi gani?

Remiksi yenyewe haina dhambi. Kuchukua sauti ya zamani, kuongeza ngoma, kuivuta, kuikata, kuirudisha, hiyo ni kazi na ina ufundi wake. Soul na rumba zote zilizaliwa kwa watu kuazimana. Lakini anayeazima jembe la jirani anasema ni la jirani. DJ anayesema « huu ni wimbo wa fulani, mimi nimeuchanganya » hapotezi kitu. Anayepiga kelele jina lake mwenyewe mara kumi ndani ya wimbo, na la mwenye wimbo hata mara moja hapana, huyo amechukua kitu cha mtu.

Katika mahali pengine hili lingekuwa jambo la heshima na pesa. Karuba ni zaidi ya hapo. Mapigano yalipofika upande wa Mushaki na Karuba mwanzoni mwa mwaka 2023, familia zilishuka Sake, zikaenda Bulengo, Lushagala, Minova, Goma, na kwingine. Watu waliacha ng'ombe, mashamba, vitanda, madaftari ya shule. Ngoma za kanisa zilibaki, gitaa zilibaki. Kilichotoka ni kile kilichokuwa mfukoni: telefone na memori yake. Ndani ya memori zile mna nyimbo za kwaya, nyimbo za ndoa, nyimbo za wazee kwa Kihunde, kwa Kinyarwanda, kwa Kiswahili. Kwa kijiji kilichotawanyika, hiyo ndiyo maktaba iliyobaki.

Na maktaba hiyo haina majina. Telefone ikiuzwa ili kununua unga, wimbo unapita kwa mtu mwingine. Anauweka kwa DJ, DJ anauchanganya, redio inauweka. Mama aliyehama anaweza kusikia sauti ya kwaya yake mwenyewe ikitoka kwenye bar ya mji asioujua, na hakuna mtu pale anayeweza kumwambia kwamba ile ni kwaya ya Karuba. Mtu aliyehama anajua uchungu wa kuitwa « kaya namba fulani » kwenye foleni ya chakula. Si haki sauti yake nayo iitwe namba.

Kuna watakaosema: watu wanakufa, barabara zimefungwa, na ninyi mnazungumzia diski. Jibu ni rahisi. Hakuna anayeomba chakula kiache kugawanywa ili nyimbo zitajwe. Kutaja jina kunachukua sekunde tano na hakuli unga wa mtu. Na watu waliohama wanapokutana jioni, mara nyingi wanaimba. Anayedhani muziki ni wa watu walioshiba hajakaa usiku mmoja kambini.

Wengine watasema: wimbo ni wa kila mtu, wazee waliimba bila kudai kitu. Ni kweli wazee hawakudai. Lakini kijijini kila mtu alijua wimbo ule ulitungwa na nani, kwa ndoa ya nani, mwaka gani wa njaa au wa mavuno. Jina halikuandikwa kwa sababu lilikuwa kinywani mwa watu. Watu wale sasa wametawanyika. Kinywa kimevunjika, na DJ ndiye ameshika kipaza sauti.

DJ wa bar naye atasema: mimi ninachezesha watu, mimi si mwalimu. Basi asijiite mpenzi wa soul na wa diski za zamani. Mtu anayependa diski anaigeuza, anasoma nyuma, anataka kujua nani alipiga bas. Anayependa makelele tu aseme anapenda makelele, na hakuna atakayemlaumu.

Tena sheria ipo. Ordonansi-sheria namba 86-033 ya tarehe 5 mwezi wa nne 1986 inalinda haki za mtunzi, na haki ya kutajwa jina ni moja kati yake. Tangu mwaka 2011 kuna SOCODA kwa ajili ya haki za watunzi. Ofisi za Kinshasa ziko mbali na Karuba, na wachache huku wamewahi kupata hata franka moja kutoka huko. Lakini umbali wa ofisi haumpi DJ ruhusa. Tarehe 14 mwezi wa kumi na mbili 2021, UNESCO iliandika rumba ya Kongo kwenye urithi wa dunia, na watu walishangilia mpaka vijijini. Urithi hautunzwi kwa kushangilia.

Kinachohitajika kinawezekana hata kwa redio ndogo inayotumia sola. Kwanza, kila wimbo utajwe jina la mwimbaji na mahali unapotoka, mwanzoni au mwishoni. Kama DJ hajui, aulize wasikilizaji. Mara nyingi mmoja atajua, na yule aliyehama mbali atapiga simu. Pili, anayerekodi kwaya au mzee aandike jina kwenye faili palepale, kabla ya kuzima telefone: nani, wapi, tarehe gani. Tatu, kila rekodi iwe na nakala mbili, moja kijijini na moja kwa mtu wa kuaminika aliye mji mwingine, maana Karuba imeshaona jinsi kila kitu kinavyoweza kubaki nyuma kwa asubuhi moja. Nne, kijana anayejazia watu memori akatae kubadilisha jina la wimbo kuwa jina lake.

Na wasikilizaji wasikae kimya. DJ akiweka wimbo bila jina, ampigie simu mtu wa kwanza anayeujua. Akiweka remiksi kwenye ndoa, aulizwe mbele ya watu: huyu anayeimba ni nani? Akiaibika mara mbili, mara ya tatu atakuja na jibu.