Wiki Mbili Hazijengi Huduma

Hoja kwamba vikundi vya Wakristo wanaotoka Marekani na Ulaya kuhudumu wiki mbili pwani ya Mtwara hadi mlango wa Ruvuma vinaendeleza kazi ya wamisionari wa zamani inakanwa na historia ya mkoa wenyewe. Askofu Edward Steere alipowapeleka watumwa walioachwa huru Masasi mwaka 1876, alianzisha makazi, si ziara. Wabenediktini waliofika Ndanda mwaka 1906 wameacha hospitali inayotibu hadi leo. Daktari Leader Stirling alikuja mwaka 1935, akapasua wagonjwa Lulindi miaka mingi, na mwaka 1975 akawa Waziri wa Afya wa Tanzania. Hao walijifunza lugha na kujenga vya kudumu.

Wanaotetea ziara hizo watajibu kwamba kidogo si haba na nia ni njema. Nia sibishani nayo, napima matokeo. Kijana anayevuka bahari kuja kupaka rangi darasa la Mikindani ametumia nauli ambayo ingemlipa fundi wa hapahapa kwa miezi, na fundi huyo angekuwapo kuziba ufa mvua zikianza. Daktari bingwa aliyeitwa na hospitali aje kufundisha wenzake ni habari nyingine: ameombwa, na ujuzi wake unabaki. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa wa wiki mbili huondoka kabla hawajajua jembe linashikwaje. Makanisa yetu yaache kuona haya: yawaambie wafadhili walete nauli hiyo iwe mishahara ya wauguzi na mafundi, au waje wakae.