Jumba Lisiloshindana na Ardhi: Maoni Kuhusu Wazo la Makumbusho ya Laetoli

1.0 Utangulizi

Nomino makumbusho imetokana na kitenzi kumbusha, ambacho nacho ni kauli ya kutendesha ya kumbuka. Kwa maana hiyo, makumbusho si ghala la vitu vya kale tu, bali ni mahali panapomfanya mtu akumbuke. Tofauti hii huweza kuonekana ndogo, lakini ina uzito mkubwa inapozungumzwa habari ya kujenga jumba la makumbusho katika nchi ya volkano, ambako ardhi yenyewe ilihifadhi kumbukumbu kabla binadamu hajajua kujenga. Laetoli, katika eneo la Ngorongoro kaskazini mwa Tanzania, ni mfano ulio wazi. Wazo la kujenga makumbusho mahali hapo limejadiliwa kwa miaka mingi. Ni rahisi mjadala wa namna hiyo kuishia kwenye sura ya jengo: rangi yake, kimo chake, mawe yake. Makala haya yanadai kwamba swali la sura ni la pili. La kwanza ni kama jengo litakubali kuiendeleza kazi iliyoanzwa na majivu, yaani kazi ya kufunika.

2.0 Majivu na Tuta la Mawe

Miaka ipatayo milioni 3.66 iliyopita, majivu ya volkano yalitanda juu ya uwanda wa Laetoli. Mvua ikayalowesha, na wanyama pamoja na zamadamu wakapita juu yake. Kwa kuwa yalikuwa na kabonati kwa wingi, majivu hayo yaliganda mithili ya saruji, kisha yakafunikwa na majivu mengine. Nyayo za wanyama ziligunduliwa mwaka 1976, na za zamadamu mwaka 1978. Kikosi kilichoongozwa na Mary Leakey kilifukua msafara wa nyayo wenye urefu wa meta 27 hivi, ushahidi kwamba zamadamu walitembea wima kwa miguu miwili muda mrefu kabla ya kutengenezwa zana za mawe zilizopatikana Oldupai.

Baada ya utafiti nyayo hizo zilifukiwa. Kwa bahati mbaya, udongo uliotumika ulikuwa na mbegu za migunga. Miti ikaota, na mizizi yake ikaanza kuutishia mwamba. Katikati ya miaka ya 1990, Idara ya Mambo ya Kale ya Tanzania ikishirikiana na Taasisi ya Uhifadhi ya Getty ya Marekani ilizifukua, ikaondoa mizizi, kisha ikazifunika upya kwa tabaka za mchanga na vitambaa maalumu, vingine vikiwa na dawa ya kuzuia mizizi. Juu ya hayo yote yakapangwa mawe ya lava. Kazi hiyo ilikamilika mwaka 1996. Hivyo basi, Laetoli tayari ina jengo linaloafikiana na mandhari yake, nalo ni tuta hilo la mawe.

3.0 Fundisho la Lanzarote

Wanaotetea jumba litakaloziacha nyayo wazi wana hoja nzito. Nyayo zilizofukiwa haziwezi kukaguliwa kila siku. Tena si haki Mtanzania azisome vitabuni tu ilhali zimo katika nchi yake. Aidha, husemwa kwamba usanifu wa kisasa unaweza kulificha jengo ndani ya mandhari. Kwa mintarafu ya hoja hii ya mwisho, kisiwa cha Lanzarote, katika visiwa vya Canary vya Hispania, kina mfano mashuhuri. Huko Tahíche, msanii César Manrique alijenga nyumba yake kuanzia mwaka 1968 juu ya lava iliyotiririka kati ya 1730 na 1736, akageuza mapovu matano ya asili ndani ya lava hiyo kuwa vyumba. Tangu 1992 nyumba hiyo imekuwa makao ya wakfu wake, nayo huzuriwa na umma.

Hata hivyo, mfano huo hauigiki bila tahadhari. Lava ya Tahíche ni mwamba mnene unaoweza kubeba nyumba, na uwazi uliomo ndani yake uliachwa na volkano yenyewe. Mwamba wa nyayo za Laetoli ni tabaka la majivu lisilozidi shubiri moja kwa unene, na lililouponya ni kufunikwa. Kinachostahili kuigwa kwa Manrique si umbo la nyumba yake. Ni utaratibu wake wa kuiuliza ardhi kwanza inaruhusu nini, ndipo ajenge.

Na ardhi ya Laetoli imekwisha kujibu. Wakati wa kutathmini athari za makumbusho yaliyopendekezwa, wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiongozwa na Fidelis Masao, walichimba mashimo ya majaribio na kukuta nyayo nyingine za zamadamu, meta 150 hivi kusini mwa zile za kwanza. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2016. Laiti msingi ungalichimbwa bila tathmini hiyo, jumba la kuhifadhi nyayo lingaliweza kuwa ndilo linalozivunja.

4.0 Majina na Wenye Majina

Kuafikiana na mandhari hakuishii kwenye mawe. Mandhari ni majina pia. Mwaka 1911 Mjerumani Wilhelm Kattwinkel alifika kwenye korongo ambalo Wamaasai huliita Oldupai, kwa jina la mkonge-mwitu uotao hapo. Lilinakiliwa vibaya kuwa Olduvai, na kosa hilo lingali likichapishwa vitabuni. Jumba linaloficha paa lake kwa uangalifu lakini likakosea jina la mahali lilipo bado ni geni mahali hapo. Hapana budi maelezo yake yaandikwe kwa Kiswahili na Kimaasai kwanza, ndipo lugha nyingine zifuate. Jambo hili ni zito zaidi kwa kuwa tangu 2022 baadhi ya wakazi wa Ngorongoro wamekuwa wakihamishiwa Msomera, wilayani Handeni, katikati ya ubishi mkubwa. Wenye kuyatamka majina wakiondoka, jengo litakuwa limeafikiana na nchi isiyo na msemaji.

5.0 Hitimisho

Kinachopendekezwa hapa ni jumba fupi, lililo mbali na tabaka la nyayo, lenye nakala za nyayo zilizofinyangwa kwa uaminifu, na lililopewa wakazi wa eneo hilo kama wasimulizi na walinzi wake. Nyayo zenyewe zibaki chini ya mawe, zikikaguliwa na wataalamu kwa vipindi maalumu. Huenda mgeni akanung'unika kwamba amesafiri mbali akaonyeshwa tuta. Hapo ndipo kazi ya kumbusha inapoanza: aelezwe, kwa lugha anayoielewa, kwamba kilicho chini ya miguu yake kimedumu miaka milioni 3.66 kwa sababu kilifunikwa.